Ruhusa ya Muratina

Jumatatu, 3 Machi

Yunifomu imefika hatimaye. Sketi ni pana, tunaweza kuingia mimi na Mama pamoja, na kofia imekaa juu ya nywele kwa huruma tu, lakini imefika. Mama amenifanya nitembee kutoka jikoni hadi getini na kurudi huku majirani wakichungulia. "Naibu chifu wa Gathima," akasema, akarudia tena, ili wa ng'ambo ya barabara naye asikie. Nimefundisha chekechea hapa upande wa Mutuini miaka mingi na hakuna aliyewahi kuchungulia kunitazama. Niko kwenye majaribio ya kazi hadi Juni, kwa hivyo nimejikaza nisijigambe. Nimeshindwa. Nimepiga picha nikamtumia dada yangu Shiku kule Uthiru, na yeye akaiweka kwa status.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza. Ofisi inavuja juu ya kiti cha wageni. Nimekisogeza, sasa inavuja juu ya changu.

Jumanne, 11 Machi

Mzee Waithaka amekuja ofisini leo. Hapa Gathima sote tunamwita Guka, yaani Babu, hata wasio na undugu naye. Alikuwa rafiki wa marehemu baba, na ndiye aliyetusimamia matanga. Alivua kofia mlangoni, akaikung'uta maji nje ili asinilowanishie sakafu, ambayo tayari ilikuwa imelowa.

"Wangu, nimekuja kuomba ruhusa," akasema, akiniita kwa jina langu kama zamani.

"Ruhusa ya nini, Guka?"

"Debra anaolewa. Wakwe wanatoka Bungoma, ruracio ni Jumamosi ya tarehe tano Aprili. Nataka kupika muratina. Kidogo tu, ya wazee. Na kwa hii baridi haitaiva haraka, kwa hivyo nianze mapema."

Debra ni mjukuu wake, amemlea yeye, na ruracio ndiyo siku wakwe wanaleta mahari. Muratina ya ruracio, hiyo pombe yetu ya asali, si ya kulewa. Mwenye boma humimina tone chini, akambariki msichana, wazee wakapokezana pembe moja, na hapo ndipo wakwe wanajua wamepokelewa. Lakini sheria haina habari na baraka. Kwa sheria, pombe yoyote ya nyumbani ni pombe haramu. Zamani mtu akitaka kupika ya sherehe alimwarifu chifu kwanza. Siku hizi watu wanapika kimya kimya nyuma ya nyumba na hakuna anayeuliza. Guka peke yake ndiye amekuja kuuliza.

Nilipaswa kumwambia kwamba sina mamlaka hayo. Badala yake nikaketi wima, nikaweka mikono mezani jinsi nilivyoona wakubwa wakifanya. "Pika, Guka," nikasema. "Mimi nimejua." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nimefurahi mchana kutwa, nakiri.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Watu wa vitambulisho. Mvua.

Jumatano, 19 Machi

Wizara imetuita mjini, manaibu chifu wote, kwenye ukumbi ule mkubwa. Viatu vililowa kabla sijafika mlangoni. Mkubwa aliyezungumza hakuketi hata mara moja. Alisema vita dhidi ya pombe haramu vimeanza upya, na kila mmoja wetu aonyeshe kazi. "Ambaye eneo lake halina matokeo," akasema, "atueleze kama yeye ni mwenzetu au ni mwenzao." Ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga, na kwa nguvu.

Tukitoka, D.O. Kiema akanisubiri kwenye ngazi. Ndiye afisa wa tarafa, bosi wangu, kijana wa viatu vinavyong'aa hata kwenye matope.

"Madam Wangu, kwako naona zero tu."

"Sir, bado nachunguza."

"Zero si mzuri kwa mtu yuko probation. Next week nakuja na watu wa TV. Uwe na mahali pa kutupeleka."

Jioni nilimpigia chifu wangu, Mwaura, ambaye amebakiza miezi tu astaafu. Alicheka. Alisema chang'aa ya Gathima inapikwa mahali pamoja, pale mtoni, na mwenye biashara hiyo anaishi Kitisuru kwa matajiri, nyuma ya ukuta ambao mimi na yeye hatutawahi kuuvuka. "Ukienda pale utapata wamefagia," akasema. "Lakini nenda. Ukienda umeenda."

Jumatano, 26 Machi

Nimepita kwa Guka kumjulia hali. Kibuyu kimekaa kando ya moto, kimefunikwa blanketi. Amenikaripia kwa kuacha mlango wazi, eti baridi itaizubaisha pombe. Tumecheka. Amenionyesha miratina yenyewe, yale matunda makavu yanayoichachusha, yale yale aliyotumia kwa harusi za wanawe wote. Hayauzwi dukani. Mtu huyatunza, akazeeka nayo.

Ijumaa, 28 Machi

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, bila kujipodoa.

Walikuja asubuhi, mvua ikinyesha. D.O. Kiema, askari ndani ya Landkruza, na watu wawili wa televisheni waliofunika kamera kwa mwavuli. Tukashuka mtoni. Chifu Mwaura alisema kweli. Mapipa yalikuwa yameondolewa, majivu yamefagiwa, na ardhi bado ilikuwa ya joto chini ya soli. Mama mmoja alikuwa anaosha nguo pale kwa utulivu wa ajabu. "Hapa? Hapa ni ya kufulia tu," akasema. Askari mmoja alikuwa anatabasamu akitazama pembeni. Ndipo nilipoelewa walipashwa habari na nani.

Mwenye kamera akauliza kama warudi mjini. D.O. hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Alinitazama, akaitazama saa yake, kisha akasema kwa upole, "Madam, tunarudi hivi hivi?"

Hakuna aliyenitajia jina la mtu. Hakuna aliyenishikia bunduki. Niliona tu ile sketi pana ikirudishwa stoo, na Mama akiwaambia majirani sijui nini. Mdomo wangu ukafunguka.

"Kuna boma moja," nikasema.

Niliwaongoza mimi mwenyewe. Katika Gathima nzima, nilijua muratina ya mtu mmoja tu ilipo. Nilijua iko chumba gani, iko upande gani wa moto, na imefunikwa na nini. Niliijua kwa sababu mwenyewe alikuwa na heshima ya kuja kuniambia.

Guka alitoka mlangoni, akaniona, uso ukafunguka. "Aa, Wangu, umetuletea wageni! Karibuni, karibuni. Chunga kichwa hapo, mlango ni mfupi." Askari wakampita. Akageuka kuwatazama, akanigeukia tena. Hakupaza sauti. Alisema kwa upole, akidhani nimesahau.

"Wangu, si ni wewe ulinipa ruhusa?"

D.O. Kiema akanitazama. Kamera nayo ikanigeukia.

"Sijui anaongea nini," nikasema. Kisha nikaongeza, "Labda ni umri."

Hilo la pili halikuhitajika. Uongo wa kwanza ulikuwa wa woga, naweza kuueleza. Hilo la umri nililitoa bure, na ndilo linalonichoma zaidi nikiandika hapa.

Wakakitoa kibuyu uani. Askari akakipindua, akakipasua kwa buti ili kamera ione vizuri. Harufu ya asali ikajaa uani pote, mvua ikaichukua ile pombe hadi kwenye migomba. Miratina ilitupwa kwenye matope, mtu akaikanyaga bila kujua ni kitu gani. Debra alitoka mbio jikoni, mikono yake imejaa unga. Hakumtazama D.O., hakuwatazama askari. Alinitazama mimi, na mimi nikajifanya nazungumza na simu.

Guka aliambiwa aketi chini, sakafuni mwa gari. Alivua koti kwanza, akalikunja, akaliketia. Mwenye televisheni aliniomba niseme maneno mawili. Nilisema Gathima haitavumilia. Nilisema mengi.

Jumamosi, 29 Machi

Shiku amepiga. "Wangu, nimekuona kwa news! Ulikaa smart." Kisha akashusha sauti. "Lakini yule si Guka?"

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani Mama amekaa na akina Debra, benchi la mbele. Mimi nimekaa nyuma. Hakuna aliyenifukuza, niseme kweli. Watu walisogea tu, nikapata nafasi kubwa kuliko niliyohitaji.

Jumanne, 1 Aprili

Jana ilikuwa Idi na korti imefungwa, kwa hivyo Guka amekaa ndani siku moja zaidi. Leo amesomewa mashtaka. Alisema "si kweli", akaeleza kwamba alipewa ruhusa na naibu chifu. Ameachiliwa kwa dhamana na kesi itasikizwa Mei. Nimeyapata haya kutoka kwa Mama, na aliyasema huku akiosha sufuria, akiwa amenipa mgongo.

Wakwe wameona habari kwa televisheni hadi Bungoma. Baba yake Jackton, mchumba wa Debra, ni mzee wa kanisa. Amepiga simu kusema kwa adabu zote kwamba wasubiri kwanza kesi iishe. Naye Guka amesema hata wangekuja, mtu mwenye kesi ya pombe hawezi kumbariki mtoto. Ruracio ya Jumamosi haipo.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeitwa mjini tena. Safari hii nimesimamishwa mbele ya wenzangu. "Huyu mama," mkubwa akasema, "hakuangalia sura ya mtu." Makofi. Mwenzangu mmoja, Mbithi, alininong'oneza nilipoketi, "Ulimpata aje? Kwangu wanaficha mpaka nashindwa." Nikamwambia ni kazi tu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Sijaenda kanisani. Najua somo la leo, lile la Petro, na najua anayeota moto uani ni nani.

Jumanne, 22 Aprili

Nanyama, mpangaji wa zile nyumba mpya za kule bondeni, ukuta wake umeanguka tangu juzi kwa sababu ya mvua. Mtoto wake ameumia mguu. Majirani wamemtoa, wamemlaza, wamechanga mabati, na mimi naibu chifu nimeyasikia leo kwa muuza mboga. Nilipofika Nanyama alinipokea vizuri, akanipa kiti.

"Kwa nini hukuniita, mama?"

"Aki Madam, tulidhani uko busy na kazi ya serikali."

Hakusema kwa ubaya. Wamekuwa wote hivyo. Zamani nilikuwa nasikia kila kitu: nani anampiga mke, nani hajapeleka mtoto shule, ng'ombe wa nani amepotea. Sasa nikipita, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Wameona kinachompata mtu anayemwambia Wangu mambo yake.

Jumatatu, 28 Aprili

D.O. Kiema amepiga. Mimi ndiye shahidi. "Ni simple, Madam. Unaapa, unasema ulipata habari, mkaenda, mkapata pombe. Akiuliza mambo ya ruhusa, unasema hapana. Finish."

Nimemwambia Mama. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Na utasema nini?" akauliza. Nikamwambia sijui. Akaendelea kuchambua. Tangu siku ile hajaniita naibu chifu hata mara moja, na sikujua ningelitamani neno hilo kiasi hiki. Nikisema ukweli kortini, kazi imekwenda, na pengine nami nishtakiwe. Nikinyamaza, Guka anabaki kuwa mzee muongo wa pombe mbele ya wakwe zake, na Debra anaendelea kungoja baraka. Mambo mengine yote yanayozunguka kichwani mwangu ni maelezo tu.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua usiku na mchana. Sina la kuandika.

Jumanne, 6 Mei

Nilivaa gauni, sikuvaa yunifomu. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli. Nafikiri nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima: "Mheshimiwa, ni mimi nilimruhusu." Ni maneno machache tu. Nilipoketi kwenye benchi la mashahidi, Biblia ya kuapia ilikuwa pale mezani, jalada lake limechakaa kwa kushikwa.

Kabla sijaitwa, Guka akainua mkono.

"Mheshimiwa, nataka kubadilisha maneno yangu. Yale mashtaka, ni kweli."

Hakimu alivua miwani. Akamuuliza kama kuna mtu amemtisha au kumshawishi.

"Hakuna, Mheshimiwa. Pombe ilikuwa yangu. Ni kweli."

Ikawa imekwisha hivyo. Shahidi hahitajiki tena. Hakimu alisema kwa sababu ya umri wake hatamfunga. Atatumikia jamii, afyeke nyasi na kufagia kwenye ofisi ya serikali iliyo karibu na kwake, hadi mwisho wa Juni. Karani akataja ofisi hiyo. Ni ofisi ya naibu chifu, Gathima.

Debra alinikuta kwenye korido. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari, kwa kweli nilitamani.

"Aunty Wangu, usifikirie ni kukuogopa," akasema. "Tulimwomba akatae mpaka mwisho. Akasema hataki ushike Biblia halafu useme uongo. Ati baba yako alikuwa rafiki yake, hawezi kaa pale akuangalie ukifanya hivyo."

"Mimi ningesema ukweli, Debra."

Hakuwa na hasira tena, ila uchovu. "Sawa, Aunty," akasema.

Sasa nimekaa hapa na kalamu na sijui kama nilimdanganya Debra au la. Guka alinipima, akaona nitasema uongo, akachagua aibu ya kwake kuliko kuniona nikiapa uongo. Kama alinipima vibaya, amepata hasara bure. Kama alinipima sawa, basi mimi ni mtu gani? Sitajua kamwe ningesema nini, na najionea haya kwamba nilipomsikia akisema "ni kweli", kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu.

Jumatatu, 12 Mei

Amefika kabla yangu. Nimemkuta amesimama chini ya kibaraza na fyekeo lake mwenyewe, kofia mkononi.

"Habari ya asubuhi, Madam. Nianze wapi?"

Madam. Mtu aliyenibeba mgongoni siku ya mazishi ya baba nisikanyage matope.

Nikamwambia akae ndani, mvua inanyesha, nitamletea chai, na nitaripoti kwamba amefanya kazi. Akatabasamu kidogo, lile tabasamu lake la zamani.

"Asante, Madam. Ile ruhusa yako ya kwanza ilinitosha."

Akaenda kufyeka.

Alhamisi, 15 Mei

Nyasi zinaota usiku, anazifyeka asubuhi. Wenye shida zao wanakuja ofisini, wanasimama naye kwanza, wanampa pole, wanamweleza kila kitu. Wakifika mezani kwangu wanataka mhuri tu. Mama humletea uji saa nne. Huleta kikombe kimoja.

Jumatatu, 19 Mei

Debra amepita nje ya ofisi na Jackton. Wamemsalimia Guka, Jackton akamshikia fyekeo kidogo amsaidie, Guka akakataa. Nimesikia Jackton akimwambia kwamba wazazi bado wanangoja. "Wangoje," Guka akasema. "Nikimaliza hapa nitawaita mimi mwenyewe, kama bado watataka kuja." Sikumsikia akilalamika. Laiti angelalamika.

Jumanne, 20 Mei

Nimeenda kwa D.O. Kiema asubuhi. Sikumpigia simu, kwa simu ningepata pa kutokea. Nikasimama mbele ya meza yake.

"Sir, Mzee Waithaka alisema ukweli siku ile. Mimi ndiye nilimpa ruhusa apike. Nilimkana mbele yako na mbele ya kamera. Nataka niende kortini niseme, mzee asafishwe jina."

Yeye aliweka simu chini, akaegemea kiti.

"Madam, unafikiri sikujua?"

"Ulijua?"

"Mzee wa umri ile, anatukaribisha ndani, anatuambia tuchunge kichwa. Mtu anaficha pombe hufanya hivyo? Nilijua pale pale. Hata dereva alijua."

"Na ukanyamaza."

"Na wewe?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa anauliza tu. "Madam, tulihitaji kazi ionekane, ikaonekana. Mzee mwenyewe amesema kortini ni kweli. Sasa utaenda ubishane na yeye? Rudi kazini. Jina lako nimeshapeleka, wamekuconfirm. Congratulations."

Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, kusimamishwa kazi, hata kushtakiwa. Nilikuwa na jibu la kila moja. La kupongezwa sikuwa nalo. Nikasema asante sir, Mungu anisamehe, nikasema asante.

Mvua ilikuwa imekatika niliporudi. Guka alikuwa amefika upande wa choo, suruali imelowa hadi magotini. Nikaenda nikasimama karibu naye.

"Guka, nimetoka kwa D.O. Nimemwambia ukweli, kwamba ni mimi."

Hakuacha kufyeka. "Akasema nini?"

"Akasema alikuwa anajua. Tangu siku ile, pale uani."

Hapo akasimama. Akaegemea fyekeo, akatikisa kichwa polepole.

"Kumbe tulikuwa tunajua sote watatu," akasema.

Kisha akaniomba nisogee kidogo, nilikuwa nimesimama juu ya nyasi anazotaka kukata. Nikasogea.